Neno Mgongoni mwa Fulana

Jumanne, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na mwimbaji wetu Mkwaruzo amekufa leo. Redio ilitangaza saa nne asubuhi, kati ya tangazo la sabuni na taarifa ya barabara zilizofungwa kwa maji. Nilikuwa nimeinamia meza nachapa fulana za timu ya shule. Nikavuta wino mara mbili badala ya mara moja, na namba saba ikatoka nene kama imevimba.

Karakana ya mume wangu imepakana na yangu, ukuta mmoja. Yeye ni fundi majokofu. Aliacha kugonga. Nikasubiri agonge tena, kimya. Nilipokwenda kumwangalia nilimkuta amekaa ndani ya kasha la jokofu lisilo na mlango, magoti kifuani, bisibisi mkononi.

"Mama Pacha, umesikia?"

"Nimesikia."

"Labda wamekosea jina."

Sauti yake ilikuwa inakwaruza. Naandika hili leo, kabla watu hawajaanza kusema yao: sauti ya mume wangu ilianza kukwaruza Desemba. Haikuletwa na msiba.

Jumatano, 4 Machi

Mvua. Hajala.

Jumamosi, 7 Machi

Wakwaruzwa wamekutana kwenye karakana yangu kwa sababu ndiyo pekee isiyovuja. Wakwaruzwa ndilo jina la chama chetu cha mashabiki. Alilitoa Mwalimu, mwenyekiti wetu, anayefundisha Kiswahili sekondari na hawezi hata kuomba chumvi bila utangulizi. Leo alitoa hotuba ya robo saa kutueleza kwamba hana la kusema.

Watu wazima walilia. Yule dada muuza dawa, ambaye dukani kwake hata ukizimia anakuambia upange foleni, alilia mpaka akapewa kiti. Mimi sikulia. Nilimpenda Mkwaruzo, lakini nilikuwa nikimtazama mume wangu, kila anapomeza mate anakunja uso.

Uamuzi: zichapwe fulana mia tatu za onyesho la kumbukumbu, tarehe kumi na nane mwezi ujao. Mbele sura yake na gitaa, nyuma neno moja kwa herufi kubwa: NISUBIRINI. Hakuna aliyeuliza kwa nini neno hilo. Kwenye ule wimbo wake mkubwa, akifika hapo gitaa linanguruma, ananyoosha mkono anapaza "Nisubiriniii!" na sisi uwanja mzima tunajibu "Tunakusubiri!" Anayeanzisha jibu, miaka ishirini na mbili sasa, ni mume wangu. Ndiyo maana wanamwita Spika. Tulikutana hivyo. Alinipigia kelele sikioni, nikawa kiziwi siku mbili, na masikio yalipozibuka nilikuwa nimeshachumbiwa.

Jumanne, 10 Machi

Tumetoka kuzika, kama kuzika ndio kule. Basi liliondoka alfajiri, tukafika saa tano, watu wamejaa mpaka juu ya mapaa. Hatukuona jeneza. Tuliona miavuli. Kuna mtu mbele alisema "sasa wanashusha," tukainamisha vichwa, kisha mwingine akasema bado, tukaviinua. Tulifanya hivyo mara tatu. Miaka yote hiyo ya kumpenda mtu, na hatukumrushia hata konzi moja ya udongo.

Mdogo wake wa kike alisimama kwenye kipaza sauti. Alisema kaka yake aliugua figo miaka minne na aliyejua ni dada mtu peke yake. Yule muuza dawa akaropoka kwa hasira, "Kwa nini hakutuambia? Tungefanya kitu!" Watu wakamwitikia. Nikajiuliza tungefanya kitu gani. Tungechapa fulana.

Mume wangu hakuropoka. Alikuwa ameshika koo lake kwa vidole viwili, kama mtu anayetafuta kifungo cha shati.

Alhamisi, 12 Machi

Fulana hazikauki. Katika unyevu huu wino unabaki unanata siku mbili. Nimefunga kamba sebuleni, ukumbini, chumbani kwa pacha ambao wako shule ya bweni. Nyumba nzima ni sura ya Mkwaruzo. Mama mkwe, ambaye hajawahi kumpenda, anapita chini yake ameinama.

"Huyu mpiga kelele wenu nimemkuta hadi bafuni," kaniambia. "Nimemwambia ageuke."

Nilicheka, mara ya kwanza wiki hii. Mume wangu naye alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikakataa kwisha.

Jumapili, 15 Machi

Nimemwambia twende hospitali. Kasema msiba uishe kwanza.

Ijumaa, 20 Machi

Nimemwambia tena. Wiki ijayo. Fulana tisini zimekamilika.

Jumapili, 22 Machi

Leo nimemchukia kila mtu chumbani, na nimejichukia mimi zaidi.

Walikuwa wakijadili nani ataimba ule wimbo siku ya kumbukumbu. Vijana wawili walijaribu, wakaimba vizuri mno, safi kama wametoka kwaya, na Mwalimu akasema hapana, hapa inatakiwa sauti iliyochubuka. Mume wangu akafungua mdomo ili aseme jambo kuhusu maspika. Alisema maneno manne tu. Vichwa vyote vikamgeukia.

"Rudia," Mwalimu akamwambia.

Akarudia. Kisha wakamwomba ajaribu ubeti wa kwanza. Akauimba amekaa, mikono kwenye magoti. Sitasema uongo, nywele zilinisimama. Alikuwa ni Mkwaruzo mwenyewe, kule kukwaruza, ile pumzi inayokatika mwishoni mwa mstari. Muuza dawa aliweka kiganja mdomoni. Mtu akanong'ona, "Sauti ya marehemu imemwingia Spika." Wakaanza kumshika mabega, mmoja mmoja, kama wanampa pole na hongera kwa pamoja.

"Amelia mpaka imekuwa hivi," Mwalimu alisema, machozi yamemjaa. "Tazameni upendo unavyomfanya mtu."

Nilifungua mdomo. Mume wangu akanitazama juu ya vichwa vyao. Tumeoana miaka kumi na saba, haikuhitaji maneno. Nikafumba mdomo na kwenda kugeuza fulana kwenye kamba.

Jumamosi, 28 Machi

Nilikuwa nafua. Kitambaa chake cha mfukoni kilikuwa na doa la kahawia, na pembeni doa jingine ambalo halijafika kuwa kahawia. Nilimpelekea nikiwa nimekishika kwa pembe. Akasema ni fizi.

"Fizi zako zimehamia kooni?"

Aliwasha kompresa ya jokofu ili tusisikizane.

Jumatano, 1 Aprili

Mvua bila kupumzika. Fulana mia mbili. Amepungua, suruali ya kazini anaifunga kwa waya. Mama mkwe anampakulia mara mbili na kumtazama mdomoni kila tonge. Anajua. Nyumba hii sasa wote tunajua na wote tunaongea habari za mvua.

Jumapili, 5 Aprili

Amekuja fundi mitambo, yule aliyerekodi nyimbo za kwanza za Mkwaruzo. Mzee wa umbo dogo, mkimya, amezoea kukaa nyuma ya kioo. Mwalimu alimwalika ili apange vyombo vya onyesho. Aliingia, akavua kofia, akawa anasubiri maji yachuruzike kutoka kwenye koti lake. Kisha akainua macho akaziona fulana, migongo mia mbili na ushee ikimtazama.

"Hili neno," akasema, "ni la wimbo mwingine?"

Tukacheka. Mwalimu akamwambia, kwa ule upole anaoutumia kwa wanafunzi wazito, kwamba ni la ule ule.

"Ule hauna neno hili."

Mwalimu akauimba pale pale: "Jua likinivua nguo, nisubirini. Mvua ikinifichua, nisubirini." Na akaeleza, kama alivyotueleza miaka yote, kwamba ni lugha ya picha: msanii yuko safarini, jua na mvua ni vikwazo, anawaahidi wapenzi wake kwamba atarudi. Wanafunzi wake wameshawahi kuulizwa hilo kwenye mtihani.

Fundi mitambo hakubishana. Alitoa simu kwenye mfuko wa plastiki akatafuta kitu, akaiweka katikati ya meza yangu ya kuchapia. Ilikuwa sauti ya Mkwaruzo peke yake, bila gitaa wala ngoma, kijana kuliko nilivyowahi kumsikia. Unasikia hadi akilamba midomo. Jua likinivua nguo, nisitirini. Mvua ikinifichua, nisitirini.

Akairudisha. Nisitirini. Akairudisha tena, ingawa hakuna aliyemwomba.

Miaka ishirini na mbili gitaa lilikuwa limelala juu ya herufi mbili tatu. Mtu anaomba afunikwe, sisi tunamwambia tunakusubiri. Anarudia kwa nguvu zaidi, sisi tunajibu kwa nguvu zaidi. Nilikumbuka alivyokuwa akinyoosha mkono, kiganja chini. Nilidhani anatupungia.

"Hakuwahi kuwasahihisha?" nikauliza.

"Nilimwambia baada ya lile onyesho la kwanza," alisema fundi. "Nikamwambia, kaka, wanasikia vibaya. Akasema waache, mbona wana furaha. Baadaye naye akawa anaimba hivyo hivyo mnavyotaka ninyi."

Mwalimu aliketi kwenye ndoo ya wino. Yeye ndiye aliyeyaandika maneno ya wimbo ule mara ya kwanza, kwenye karatasi, akatugawia. Hakutoa hotuba. Sijawahi kumwona mtu yule bila maneno, na badala ya kufurahi niliona aibu, kama nimemfungulia mlango akiwa anaoga.

Mjadala ulikuwa mfupi na mbaya. Kuna waliosema zichapwe upya. Mvua hii haikubali, siku kumi na tatu hazitoshi. Kuna waliosema fundi kachanganya. Mwishowe muuza dawa akasema, "Watu elfu watakuja wakijua neno moja. Nani atasimama kuwaambia?" Wakanyoosha mikono. Zibaki zilivyo.

Mume wangu hakunyoosha. Aliuliza kama anaweza kusikiliza simu mara moja tena.

Jumatatu, 6 Aprili

Asubuhi, mama mkwe akiwa kwa jirani, mume wangu kanikuta naosha fremu za kuchapia uani. Akashika bomba la maji na kunisaidia, jambo ambalo hajalifanya tangu tuoane.

"Mama Pacha, nilikwenda hospitali Februari."

Niliendelea kusugua wavu.

"Wakasema nirudi kwa kipimo kikubwa. Sikurudi."

"Kwa nini?"

"Nilisikia woga." Alisema hivyo hivyo tu. Mwanamume anayebeba jokofu mgongoni. "Kisha Mkwaruzo akafa, na kila mtu akaona sauti yangu ni kilio. Nikaona, basi, nipate hata mwezi mmoja wa hivyo. Siombi makubwa. Nisitiri mpaka tarehe kumi na nane."

Nilimtukana. Nilimwambia ana watoto, ana mama, na ana akili zilizojifunga kama kitasa. Nilimmwagia maji, si kwa bahati mbaya. Akasimama palepale analowa, akinisubiri nimalize, na nilipomaliza nikasema sawa.

Nimeandika hapa neno "sawa" ili lisije likapotea. Nililisema mimi, mchana kweupe, na akili zangu timamu.

Alhamisi, 9 Aprili

Muuza dawa kaniuliza Spika anatumia nini kutunza ile sauti. Nikamwambia anapumzika.

Jumanne, 14 Aprili

Fulana mia tatu. Ya mwisho nimeichapa na kukaa chini. Kila siku iliyopita nimeivuka kama mtu anayevuka maji huku amefumba macho. Siku nne tu, najiambia. Siku nne haziwezi kuua mtu. Halafu nakumbuka kwamba hivyo ndivyo nilivyosema kuhusu wiki.

Jumamosi, 18 Aprili

Ukumbi wa michezo wa shule ya Mwalimu. Mvua ilipiga mabati kiasi kwamba waliotangulia kuimba tuliwaona midomo tu. Saa kumi jioni ikapungua, mume wangu akapanda jukwaani na fulana yake, imempwaya.

Aliimba "nisitirini." Mimi nilisikia. Fundi mitambo, pale kwenye mitambo yake, alisikia, maana aliinua kichwa. Na alilitamka polepole, silabi kwa silabi, kama anayemsomesha mtoto. Lakini watu elfu moja walikuwa wamekuja na jibu lao tayari. "Tunakusubiri!" Paa lilitetemeka. Akarudia neno lile, akawatazama. "Tunakusubiri!" Walikuwa wanalia, wanakumbatiana, wengine wamebeba watoto mabegani. Sijawahi kuona watu wenye mapenzi mengi hivyo na wasio na msaada wowote.

Ubeti wa tatu sauti ilikatika. Haikupotea kidogo kidogo, ilikatika. Mdomo uliendelea. Ukumbi ukadhani ni uchungu ukamwimbia, ukammalizia wimbo wote, na yeye akasimama katikati ya kelele ile anatikisa kichwa taratibu.

Mwalimu alikuwa kando ya jukwaa, karibu yake kuliko mimi. Alishuka akanifuata.

"Mama Pacha. Nimesikia anavyovuta pumzi. Huyu anaumwa tangu lini?"

"Tangu kabla ya msiba."

Nilitegemea aniulize kwa nini sikusema. Nilikuwa na majibu, nilikuwa nimeyapanga. Hakuuliza. Alisema, "Na mimi nilimpigia makofi," akageukia ukuta.

Jumatatu, 20 Aprili

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Mwalimu alikuwa mlangoni, na suti yake ya shuleni na mwavuli uliovunjika ubavu. Tulikwenda watatu. Kwenye benchi alitunza foleni, alijaza fomu, aliandika jina la mume wangu kwa mwandiko mzuri kama wa cheti. Mwezi mzima nimekuwa nikimcheka mtu huyu moyoni.

Daktari wa koo ni mwanamke mfupi mwenye mikono ya baridi. Alipitisha mpira mwembamba puani mpaka kooni, akaangalia kwenye skrini muda mrefu. Mimi niliangalia uso wake. Alipomaliza alikunja ule mpira vizuri sana, na hapo nikajua.

"Mngekuja miezi miwili iliyopita," akasema, akaiacha sentensi hapo. Alikata kinyama cha kupima. Majibu wiki mbili.

Jumapili, 26 Aprili

Hakuna mvua leo. Hakuna aliyelitaja.

Alhamisi, 7 Mei

Ni saratani, ile tuliyoiogopa. Wataondoa kisanduku cha sauti chote, atapumulia tundu la shingoni. Upasuaji ukifaulu ataishi, daktari anaona nafasi ipo. Lakini hataongea kwa sauti yake tena. Aliuliza, kwa mnong'ono uliobaki, kama kuna njia nyingine. Daktari akasema, "Februari ilikuwepo."

Njiani kurudi nilimwambia, "Mimi ndiye niliyesema sawa." Akanijibu kwamba yeye ndiye aliyeomba. Tukaenda hivyo barabara nzima, tunanyang'anyana kosa, na hakuna hata mmoja aliyeondoka nalo lote.

Jumapili, 17 Mei

Wakwaruzwa wamekuja kumtazama wodini, kumi na tisa, wote na zile fulana. Muuguzi kawapunguza wakabaki wanne. Walitaka kumrekodi kwenye simu, hata neno moja, la kumbukumbu. Muuza dawa alishaiweka simu karibu na mdomo wake. Mwalimu akaishusha ile simu kwa kidole.

"Muacheni," akasema. Hakuongeza neno.

Pacha wamekuja na ruhusa ya siku tatu. Walikaa naye saa nzima pazia likiwa limefungwa. Walipotoka macho yamevimba lakini walikuwa wakicheka. Kumbe kawasimulia habari za jokofu aliloliuzia kanisa likawa linapiga kwata. Mama mkwe aliingia baadaye, akamsugua miguu mafuta, akatoka.

Jumanne, 19 Mei

Walisema watamchukua kwa upasuaji saa mbili. Saa moja na nusu niliruhusiwa kuingia.

Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo makubwa. Nilidhani atataka kuimba, au atanipa wosia, au tutamzungumzia Mkwaruzo. Nilimwambia asijichoshe, muda ni mdogo, aseme lile analotaka.

Akaniita kwa jina langu. Si Mama Pacha. Jina nililozaliwa nalo, ambalo kwenye nyumba ile hakuna anayelitumia, na sidhani kama mama mkwe analikumbuka.

"Abee," nikaitika.

Nikangoja aseme. Akaniita tena.

"Abee."

Hakuwa na la ziada. Alikuwa ananiita tu. Mara ya tatu, ya nne, sauti inakwaruza, inaruka herufi, anaianza upya. Nilielewa, nikamshika mkono, nikawa naitika. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeuka kutazama, wakaona haya, wakageukia ukutani. Alipochoka alipumzika, akameza mate kwa shida, akaniita.

Walikuja na kitanda cha magurudumu saa mbili na dakika tano. Walikisukuma ukumbini yeye akiwa bado ananiita, nami nikifuata pembeni naitika, hadi kwenye ule mstari mwekundu ambao hauruhusiwi kuuvuka. Mlango ulijifunga wenyewe. Midomo yangu bado ilikuwa inasema abee, na muuguzi akaja kunishika bega akaniuliza, mama, unamjibu nani?